Hongera na Pole kwa Mtoto wa Miezi Saba

Kwihara, Tabora

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mjukuu wako, ingawa sauti yake bado ndogo, ukiwa mlangoni huisikii. Magoti yanasemaje na baridi ya Mbinga? Kahawa mmemaliza kuchuma, au bado unagombana na vibarua? Huku jua linawaka mpaka bati linalia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tumeshindwa. Nikianza kusema nalia, ukinisikia na wewe unalia, kisha Maganga anaichukua simu na kukuambia tunaendelea vizuri. Mume wangu huyo hata nyumba ikiungua atasema tunaendelea vizuri. Sasa kaa nikusimulie.

Unakumbuka nilikuambia miguu imevimba. Nilidhani ni kusimama darasani kutwa. Walimu wenzangu pale Usinge walicheka, wakasema hiyo ni mimba ya dume. Mama mkwe akawa ananiwekea maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nakaa na miguu kwenye beseni huku nasahihisha hesabu za watoto. Hata pete ilipogoma kutoka kidoleni tulicheka. Kisha siku moja naandika ubaoni, nikaona maandishi yangu mwenyewe yanaelea, na kichwa kinataka kupasuka. Nesi wa zahanati aliponipima presha hakucheka. Alipima tena mkono wa pili, akapima na mkojo, akamwambia Maganga, "Tafuteni gari sasa hivi. Kifafa cha mimba kinamnyemelea."

Mama, mimi nilibeba na daftari za wanafunzi. Nilijua naenda kupewa vidonge nirudi. Tulipofika Tabora mjini daktari akasema mtoto atolewe, la sivyo tutaondoka wote wawili. Nikamjibu, "Haiwezekani daktari, mimi ni miezi saba," kama vile yeye ndiye aliyekosea kuhesabu. Nilichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, kisha wakanipasua. Nilizinduka tumbo halipo, na mtoto sikumwona.

Ndugu wa Maganga walikuja na uji wa ulezi kwenye chupa za chai. Mtu anaingia na "Hongera!", anauona uso wangu ulivyovimba, anasema "Pole," halafu ananitazama kuona ipi amepatia. Hata mimi sikujua. Nimekuwa mzazi au nimekuwa mgonjwa? Niliitikia asante zote mbili.

Presha yangu iligoma kushuka, kwa hiyo aliyembeba mtoto ni mama mkwe. Wale watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao, wakipata nguvu kidogo hufungwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, kitenge juu, wakue kwa joto lake. Mama mkwe, mwanamke wa mashamba ya tumbaku, mikono imekakamaa, alivua blauzi mbele ya manesi bila kuulizwa mara mbili. Akawa anamwita mtoto "mume wangu". Kila asubuhi anamsalimia kwa Kinyamwezi, "Wangaluka, mume wangu, umeamkaje?" Nesi akija kumpima uzito, "Mbona mnaninyang'anya mume?" Wodi nzima inacheka. Na mimi nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Nimezaa mimi, anamjua yeye.

Na bado, nilipoweza kutembea nikaambiwa nimchukue, nilisema kidonda kinauma. Hakikuuma kiasi hicho. Niliogopa. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, mishipa yote unaiona. Niliona nikimzoea halafu akaniacha, sitanyanyuka.

Jina hakuwa nalo. Upande wa baba ndio humpa jina mtoto wa kwanza wa kiume, na mama mkwe alitaka kwanza aongeze uzito. "Tukimpa sasa halafu akatuacha, hilo jina tutalifanya nini?" Kitandani aliandikwa tu mtoto wa Anjela.

Kisha mama mkwe akashikwa na mafua. Nesi akamtoa nje na kikohozi chake, huyo analia, na mtoto nikafungiwa mimi. Nilingoja nisikie kile mnachosema akina mama husikia. Sikukisikia. Nilisikia joto, kama nimewekewa kiazi kilichotoka jikoni, na jasho. Nikajiuliza kama nina kasoro.

Mchana, watu wanagawiana uji, nikahisi ametulia mno. Kifua chake hakiendi. Walitufundisha kwamba njiti mara nyingine husahau kupumua, umsugue unyayo. Nikasugua. Kimya. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikasugua tena huku napiga kelele, "Kosmas! Kosmas, amka!"

Jina la Baba, Mama. Sijalitamka tangu tumzike. Mtoto alishtuka, akavuta pumzi, akapiga chafya, akaanza kulia. Nesi alipofika mbio, aliyekuwa analia zaidi ni mimi.

Wodi nzima ilisikia, na mama mkwe alisikia dirishani. Nikangoja anigombeze. Alijifunika mdomo kwa khanga, akasema, "Basi ameitika. Sasa tumwite nani mwingine?" Maganga anasema wazee wa Usinge bado hawajaambiwa. Yeye kama kawaida yake anaona tunaendelea vizuri.

Tumeruhusiwa, tuko hapa Kwihara kwa wifi yangu ili tusiwe mbali na kliniki. Wageni wanakuja kuitazama ile nyumba ya zamani ya enzi za misafara, mimi niko uani nimemfunga kifuani. Kule kliniki bado wanamfuatilia macho na mapafu. Nafurahi, na kabla sijamaliza kufurahi nimeshaanza kuogopa. Sijui kama haya ni mapenzi au ni woga tu nimeuzoea. Wewe uliponizaa, ulijua? Niambie ukweli, usinitulize.

Nisalimie mjomba anayekusaidia shambani. Shangazi wa kwaya mwambie asitangaze kanisani kwanza. Mdogo wangu naye asome, aache kunitumia picha za kuchekesha, nikicheka mshono unavuta.

Na ukienda kupalilia kaburi la Baba, mwambie nimechukua jina lake bila ruhusa, na sina mpango wa kulirudisha.

Ni mimi mwanao,
Mama Kosmas