Nani Atasimama Nusu Krauni?

Komredi Yona, ndugu yangu wa mapambano,

Tangu tulipokuzika kule Zuzu, chama chetu cha historia hapa chuoni kimepoteza sauti yake, na mimi niliyeachiwa uenyekiti nimepoteza usingizi. Jumamosi hii tunaupeleka Mchezo wa Sarafu kwa wanafunzi wa sekondari kule Nzuguni. Wewe uliubuni; mimi natakiwa kuuongoza. Naogopa, Yona.

Unakumbuka ulivyotupanga uwanjani? Watu kumi na wawili nyuma ya mmoja: wale peni, huyu shilingi ya Mwingereza. "Pauni ni shilingi ishirini," ulisema, "hiyo tutaichora chini, watu hatuna." Wewe ulijichagulia nusu krauni, sarafu yao ya shilingi mbili na nusu: shilingi mbili umezishika mikono, na mimi, kwa ufupi wangu huu, peni sita, nimening'inia mgongoni pako. "Shuka basi! Peni sita gani nzito hivi?" Filimbi ikilia, Waingereza wameingia kwenye desimali, pauni moja peni mia: shilingi ile ile sasa ina peni mpya tano tu, na watu saba wanarudi kuketi huku wakizomewa. Mimi nageuka peni mbili na nusu, kioja kisicho na pa kusimama.

Wiki iliyopita, kikaoni, mmoja wetu alinitupia swali: "Mwenyekiti, sarafu za Waingereza zinatuhusu nini sisi wa Dodoma?" Nilipanda juu ya benchi. Zinatuhusu! Walipotutawala walitupa shilingi ya senti mia, wao wakabaki na yao ya peni kumi na mbili. Babu zetu walihesabu kwa mia sokoni miaka mingi kabla ya London kujifunza, na bado tuliambiwa kwamba sisi ndio wanafunzi! Shilingi yao wameifuta; yetu ingali mifukoni mwetu.

Walipiga makofi. Kisha Neema, katibu wetu, akauliza taratibu: "Na nusu krauni atasimama nani?"

Wote tulikumbuka kwamba nusu krauni hutoka mstarini kabla ya filimbi, kwa kuwa Waingereza waliiondoa kabla ya siku yenyewe ya mabadiliko. Ulikuwa ukiondoka unapunga mkono: "Kwaherini makomredi, desimali mtanisimulia!" Tulicheka sana, Yona. Tulicheka mno.

"Tuiruke," akasema mwingine. Historia gani hiyo inayorukwa kwa sababu inauma? Nilimkemea, lakini mwenyewe, nikifanya mazoezi peke yangu chumbani, nikifika hapo naacha na kurudi mwanzo. Nikivunjika mbele ya wanafunzi wale, hawatatuita tena. Na wenzetu, ambao wameshaanza kuchelewa na kutoa udhuru, watatawanyika. Ulichokijenga kitakufuata kaburini, nami ndiye nitakuwa nimekizika.

Jana nilikwenda kwenu Kikuyu kumwamkia mama yako. Nilimweleza yote, nikitarajia aniambie niiruke. Alicheka, Yona! Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. "Huyo alikuwa anaaga hata akitumwa chumvi," akasema. Akajifunga upya khanga. "Mimi sikuagwa. Nilipofika hospitali alikuwa hasemi tena. Nitasimama mimi, mwanangu. Niambie tu natoka lini na nasema nini."

Nikamfundisha, pale pale uani. Alipopunga mkono nilitazama pembeni.

"Ila wewe," akaniambia, "mgongoni kwangu usithubutu."

Bado naogopa. Sijui nitawezaje kumwita atoke mstarini, wala kama nitaweza kupuliza filimbi akishatoka. Lakini nakuahidi, komredi: nitaitaja nusu krauni kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, nitasubiri mama yako aage hadi amalize, ndipo nitapuliza.

Lala salama, ndugu yangu. Tunakutana Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule, Nzuguni.