Ugali wa Jasiri

Bukene, Novemba 1974

Kaka Ngollo,

Shikamoo. Sabuni uliyotuma kutoka Tabora imefika. Mvua bado, na nyumba mpya tumeiezeka upande mmoja tu.

Unauliza mbona mama hakusalimii kwenye barua zangu. Basi nitakwambia.

Mwaka juzi, uliporudi kutoka masomoni ukiwa bwana mifugo, ulimweleza mama pale uani kwamba mbwa si fisi. Ulisema ameishi na watu maelfu ya miaka akila makombo yao, mpaka tumbo lake likazoea ugali kama letu. Mama alifurahi mno. Tangu siku hiyo akawa anampikia mbwa wetu Jasiri ugali wake.

Kisha ukaja na lori la kutuhamishia huku kijijini. Mama alimpakia Jasiri, na wewe ndiye uliyemshusha. "Mwache, mama, atawinda porini," ulisema, ukafunga mlango wa nyuma wa lori.

Jumapili moja mama alirudi kule kwenye nyumba yetu ya zamani kwa miguu, na ugali kwenye kikapu. Alimkuta Jasiri amekufa, kichwa ndani ya kinu kilichoanguka, na kinu chenyewe kimelambwa mpaka kikang'aa. Mama alirudi na ugali wake. Hakulia.

Usitume sabuni tena. Mama anataka jibu moja tu: siku ile pale kwenye lori, ulikuwa umeyasahau maneno yako, au uliyakumbuka?

Mdogo wako,
Siwema