Mama, Theluji Ilichelewa Mwaka Ule

Mama yangu, wewe uliyelala kule mlimani juu ya mji,

Mvua za kwanza zimeanza tena Kalemie. Leo asubuhi ziwa lilikuwa jeusi upande wa mashariki, na nilipoona vile nilianua mashuka yote kabla hata ya tone la kwanza. Nikaingia ndani na mzigo mikononi, nikasema kwa sauti, "Mama, imekuja." Hakuna aliyenijibu. Nikakaa juu ya mashuka yale yenye unyevu, nikaona afadhali nikuandikie.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka nje kabla ya chai, kitenge begani, ukilitazama ziwa? "Leo tunafua," ulikuwa ukisema. Au, "Leo anga imenuna, tupige pasi tu." Kazi yako ilikuwa mashuka ya hoteli ya bandarini, na mimi, mwanao wa pekee, nilikulia kati ya kamba za nguo na pasi ya makaa. Madame Odile, aliyetufundisha Kifaransa shuleni, alipomaliza mkataba wake akawa anarudi kwao Uswisi, ambako ndugu yake alikuwa na hoteli ndogo mlimani. Akaomba nimfuate, nikapige pasi kule. Wewe ndiwe uliyekubali kabla yangu.

"Enda, uone dunia," uliniambia pale gare, stesheni ya reli, treni ikiwa imeshapiga honi. "Ukichoka, urudie. Nyumba iko tu hapa."

Sikukuambia yote nilipokuwa huko, kwa hiyo acha niyaseme sasa kwa utaratibu.

Hoteli ile iliishi kwa theluji. Watu walipanda kutoka mijini waje wateleze mlimani juu ya mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni, na walipelekwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya. Theluji isipoanguka, hawaji. Wasipokuja, hakuna mashuka, na mwenye kupiga mashuka pasi anarudishwa kwao. Mwaka ule, wangu wa kwanza, theluji ilichelewa. Novemba iliisha, na mlima ulikuwa bado na majani makavu ya rangi ya kahawia, weupe uko kileleni tu. Kila asubuhi Anselme, fundi wa waya, aliandika kwa chaki kwenye ubao mbele ya kibanda chake: juu inafika magotini; chini hakuna kitu; upepo wa kusini. Upepo wa kusini ndio waliouchukia kuliko vyote. Ulikuja na joto kama pumzi ya mgonjwa, ukayeyusha kwa siku moja kile kidogo kilichoanguka wiki nzima, na mawe yakatokeza tena.

Nilikuwa nikienda kuusoma ubao ule kila siku, Mama. Hapakuwa na faida yoyote, niliona tu kwamba hata kule kuna mtu anayetoka kabla ya chai kuangalia anga.

Siku moja wakatuita wafanyakazi wote wa hoteli tukazoe theluji iliyobaki kivulini chini ya misonobari, tukaimwage mahali penye mawe, angalau watoto wapate pa kutelezea. Walikuwa na makoleo na toroli, lakini toroli ilizama kwenye tope. Nikarudi kuchukua beseni langu la kufulia, nikakunja skafu ikawa kata, nikajaza theluji na kujitwika.

Anselme akapiga kelele, "Feza! Shingo yako!"

"Shingo yangu ilianza na maji ya ziwa," nilimjibu.

Kufika mchana wasichana wawili wa jikoni nao walikuwa na mabeseni kichwani, wanayaangusha kila hatua, wanajimwagia theluji ndani ya kola. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Sikumbuki siku nyingine niliyocheka na watu kule. Siku zilizobaki ilikuwa "bonjour" mlangoni, na mtu ameshapita. Nikajikuta naongea Kiswahili na pasi. Nilikuwa naiuliza imelalaje.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, telegramu ilifika. Madame Odile mwenyewe aliniletea katika chumba cha pasi. Ilitoka kwa jirani yetu Mama Mwayuma: Mama yako mgonjwa sana, njoo. Nilipoinua kichwa nimuulize Madame basi linaondoka saa ngapi, nikaona dirishani, nyuma ya bega lake, vitu vyeupe vinashuka. Jikoni watu wakaanza kushangilia. Madame akageuka, akatazama nje, akanitazama mimi. Hakujua auweke uso wake namna gani, maskini.

Theluji haikukatika mpaka kesho yake. Asubuhi ilikuwa inafika kiunoni, miti imeanguka barabarani, na basi halikupanda. Ndege aliyonikatia Madame ilikuwa jioni ile, na ya kufuata ilikuwa baada ya wiki nzima. Nikachukua sanduku, nikaenda kwa Anselme. Kulikuwa na waya mwingine mdogo ulioshuka hadi bondeni, wenye kisanduku cha chuma cha kubebea mikate na maziwa.

"Hicho si cha watu," alisema. "Na upepo huu unauona."

"Anselme, mama yangu anakufa."

Aliutazama waya hadi bondeni. Kisha akamwita mwenzake ashike mashine, akafungua mlango wa kisanduku, akaingia yeye kwanza. "Basi hushuki peke yako," alisema.

Tuliyumba, Mama. Mara mbili tulisimama hewani, chuma kinalia, na Anselme akanishika mkono. Chini yetu mlima mzima ulikuwa umefunguliwa. Watu walikuwa wanateleza wakipiga vigelegele, kofia nyekundu, kofia za manjano, watoto wanaanguka na kuamka. Ndiyo siku tuliyoingoja wote, na ilikuwa nzuri. Nilikuwa nalia na bado niliona kwamba ni nzuri.

Halafu Kinshasa, Lubumbashi, na ile treni. Kwenye kituo cha Kabalo tulikaa tukingoja kichwa cha treni mpaka nikaacha kuuliza. Njia yote nilikuwa najipangia maneno ya kuomboleza. Nilipoingia uani nikakuta Mama Mwayuma anasonga ugali, na ndani wewe umelala kwenye mkeka, miguu imevimba, macho yako wazi.

"Njo weye?" uliuliza, huamini kuwa ni mimi.

"Njo miye, Mama."

"Umekonda. Hawakupatie chakula kule?"

Mimi niliyevuka dunia nikidhani nitakukuta kaburini, nikasimama pale mlangoni nacheka na kamasi zinanitoka.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba haitakuwa muda mrefu. Lakini tulipata karibu masika yote, Mama. Mvua ilipopiga bati hatukuweza kufua, basi nikakaa karibu yako nikakueleza ya kule. Mama Mwayuma alisikiliza mara moja, akaenda zake akisema Bulaya imenifundisha uongo. Wewe uliniamini. Uliuliza maswali ambayo hata Wazungu hawakuniuliza.

"Hiyo theluji, inaanguka na kelele?"

"Hapana, Mama. Inaanguka kimya kabisa."

Ukafikiri. "Ile ni mubaya. Mvua yetu inabisha hodi kwanza, mutu anaanua nguo zake."

Na nilipokueleza habari ya beseni, ulicheka hadi ukakohoa, ukanishika shingo kwa vidole vyako, ukaipapasa kama unatafuta pale lilipokaa. "Mutoto yangu," ulisema, "umebeba barafu ya watu kichwani."

Siku ile ile ukanipa amri. "Mvua ikikatika, unarudia kazi yako. Kabla ya pale, hapana. Unikalie hapa."

Hukungoja ikatike. Uliondoka asubuhi ya mvua kubwa, nikiwa nje najaza makaa kwenye pasi. Wanawake wa mtaa walijaa uani, wanaume wakachimba kaburi kwenye tope, na kwa siku kadhaa nyumba haikuwa na nafasi ya mtu kukaa peke yake. Kisha kila mtu akarudi kwake. Mama Mwayuma alikuja jioni mbili tatu na sahani, halafu mjukuu wake akaugua, na kuja kukapungua.

Mvua ilikatika, Mama. Anga ikawa safi kama ulivyoipenda. Nikafunga sanduku, nikampa Mama Mwayuma ufunguo, nikaenda gare kutimiza neno lako. Madame alikuwa ameniandikia kwamba kazi yangu inaningoja hadi theluji nyingine. Treni ilikuwa imesimama, watu wanapitisha magunia ya ndagaa madirishani, wanaagana, wanagombana. Kila abiria alikuwa na mtu wake wa kumwambia ashike vizuri begi, ale, asilale mlangoni. Nikasimama na tiketi mkononi nikingoja, sijui nangoja nini. Nadhani nilikuwa nangoja mtu aniambie niende. Treni ikapiga honi. Ikaondoka taratibu, nami nikaitazama hadi behewa la mwisho.

Nilirudi kwa miguu kando ya ziwa. Mama Mwayuma alikuwa uani kwake anamwogesha mjukuu, akaniona na sanduku.

"Weye tena? Umesahau nini?"

Nilitua sanduku chini, Mama.

"Nyumba haijafagiwa," nilimwambia.

Akajifuta povu mikononi, akaniletea ufunguo.

Ulale vyema huko juu, mvua isikusumbue.

Ni miye, binti yako,
Feza