Mwezi Wangu Mlangoni kwa Bwana Seif

Alhamisi, tarehe nne ya Mfunguo Tano, mwaka 1303 wa Hijra. Bagamoyo.

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, na sasa joto limerudi pamoja na harufu ya makuti yaliyolowa. Herufi zimelala upande kama nazi zilizoangushwa. Marehemu Bibi Aziza angeziona angenipiga kikofi, halafu angecheka.

Naandika kwa sababu nikinyamaza, hofu inasema peke yake.

Yalianza Jumatatu.

Miaka sita sasa nashona majamvi katika ghala la Bwana Seif. Yeye huwafungia mizigo matajiri wanaopeleka misafara bara. Vitambaa vinakunjwa, vinakazwa kwa kamba, kisha sisi wanawake tunavivika jamvi la ukindu na kulishona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, mvua na miiba ya njiani isivifikie. Mzigo nilioushona mimi, Subira, haufumuki mpaka Tabora. Wapagazi wanalijua hilo, na Bwana Seif analijua kuliko wao.

Nilipoingia kazini kwa Bwana Seif, Bibi Aziza alikuwa bado hai. Huyo ndiye aliyeninunua nikiwa mtoto, nisiyeweza hata kulitaja jina la mto wa kwetu. Akanisomesha Kurani, akanifundisha kuandika, kisha akaniacha huru mbele ya kadhi kabla sijamzaa mwanangu Mwanahawa. Hakutaka nifanye kazi kwa mtu kwa maneno matupu. Tukaenda tena kwa kadhi, mimi na Bwana Seif, tukaandikiana: chumba cha uani, chakula, ujira wa kila mwezi, na atakayetaka kuachana na mwenziwe, amwambie mwezi mmoja kabla, na mwezi huo kazi iendelee kama kawaida.

Chumba cha uani kilikuwa na mchwa. Bwana Seif akaniambia hati yangu ya uhuru italiwa, afadhali aniwekee katika sanduku lake. Nikamshukuru. Nilimpa kwa mikono miwili.

Mikono ile miwili naijutia hadi leo.

Mwanahawa amejifungua pacha huko Kaole. Mumewe yuko bara na msafara, na yeye mwenyewe homa haijamwacha. Amenitumia salamu kwa wauza chumvi: mama, njoo. Basi Jumatatu asubuhi nikamwendea Bwana Seif barazani kwake, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nimekuja kumuaga. Nitashona mwezi mzima kama tulivyoandikiana, kisha niende kwa mwanangu.

Akaniuliza, "Nani amekupa kazi nyingine?"

"Hakuna, bwana. Ni mwanangu."

"Mtu akishaniaga hagusi mzigo wangu tena. Ataacha uzi mmoja umelegea, mali yangu ioze njiani. Ondoka leo."

"Bwana, kuna mwezi."

"Nimesema leo."

Nikafikiri, haya, ndiyo riziki yangu ilipoishia. Nikamwomba hati yangu niondoke nayo. Akainua macho taratibu, akanitazama kama anayemtazama mgeni.

"Hati gani?"

Sijui nilitokaje pale barazani. Nakumbuka nimesimama nje ya mlango mkubwa nimeshika furushi la nguo zangu na shazia langu, na komeo likaingia nyuma yangu.

Katika mji huu kuna swali wanaloulizwa watu wa namna yangu, sokoni, kisimani, popote: wewe wa nani? Mwenye watu wake huwataja. Mwenye hati huitaja. Asiye na hiki wala kile, kuna wanaume wanaomsubiri, na mashua za kumvusha Pemba kwa siri hazijaisha, watu waseme watakavyo kwamba biashara ile ya watumwa imekatazwa. Mwaka jana Zawadi, aliyekuwa akishona upande wangu wa kushoto, alikwenda kuteka maji. Mtungi wake tuliukuta umesimama wima, haujavunjika. Mpaka leo sijui amefika wapi.

Bi Mgeni ndiye aliyenipokea. Ni mshonaji mwenzangu, Mkwere wa Vigwaza, mjane, ana chumba kimoja na kitanda kimoja. Akaniambia nikimbilie Kaole asubuhi ya kesho yake, Jumanne. Nilikubali. Asubuhi hiyo nilikwishajifunga kaniki yangu.

Kisha nikawaza: nikienda, Bwana Seif atasema nini? Atasema nimetoroka. Na mtu wa namna yangu akishaitwa mtoro, kila mwenye kamba ana haki ya kumfunga.

Basi nikaenda mlangoni kwake, saa ile ile ya kazi, na shazia mkononi.

Watu wataita huo ushujaa. Si ushujaa. Niliiogopa njia ya Kaole kuliko nilivyouogopa mlango, basi.

Bawabu wa Bwana Seif ni Mzee Feruzi, mtu mzima ambaye meno ya mbele yamekwisha na magoti hayataki kukunjika. Alifungua kidirisha cha mlangoni, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, nimeambiwa nisikufungulie."

"Sikuombi ufungue, babu. Nakuomba unione tu. Nimekuja kazini."

Nilisikia anavyopumua.

"Nimekuona," akasema.

Nikasimama pale mpaka jua lilipopanda juu ya paa la ghala. Wapagazi walipita, wengine wakacheka. Mmoja akaniuliza kama nimekuwa nguzo. Sikujibu. Niliogopa nikifungua mdomo nitalia, na nikilia nitaondoka.

Jumatano nikarudi. Feruzi akasema tena, "Nimekuona," safari hii kwa sauti ya chini zaidi, maana bwana alikuwa uani.

Jumatano hiyo hiyo, wakati narudi kupitia soko la samaki, mwanamume mmoja akanifuata. Kanzu yake safi, mikononi hana kitu. Nikisimama, anasimama. Karibu na maduka ya Wahindi akanisogelea, akatabasamu, akaniuliza kwa upole kabisa, kama anauliza bei ya papa mkavu:

"Mama, wewe wa nani?"

Nilitaka kusema mimi wa nafsi yangu, nina hati. Ikanijia kwamba atasema nionyeshe. Nikaingia duka la kwanza lililokuwa wazi. Mke wa mwenye duka, Mama Shirin, mtu ambaye hata salamu hatujawahi kupeana zaidi ya moja, alinitazama uso, akatazama nje, akasema, "Kaa huko nyuma ya magunia." Hakuniuliza lolote. Akaenda kusimama mlangoni mwake mwenyewe, mikono kiunoni, akaanza kurushiana maneno na yule mtu juu ya kuzuia njia ya wateja. Nilikaa kwenye mchele mpaka magoti yakafa ganzi.

Hapo nikajua sina mwezi wa kusubiri. Huenda sina hata siku tatu.

Leo asubuhi nimekwenda mlangoni kwa mara ya tatu, nikaonwa, halafu nikaenda moja kwa moja kwa kadhi. Nilikuwa nimeloa chapachapa. Kadhi ni mtu mkavu, hapendi machozi, na ninamshukuru kwa hilo. Alinisikiliza, akamwambia karani wake alete daftari la maandikiano, kisha akatuma mtu kumwita Bwana Seif na bawabu wake.

Nilipomwona Feruzi akija nyuma ya bwana wake, akiburuta magoti matopeni, nilijuta. Sikumwomba ruhusa ya kumtaja.

Bwana Seif alikuwa na sauti ya asali. Akasema mimi ndiye niliyemwacha. Nimeaga Jumatatu, nikachukua nguo zangu, nikaenda zangu, na mizigo ya msafara imelala haijashonwa. Hati hajui habari zake. Pengine mchwa wamekula. Alisema hilo la mchwa huku akinitazama.

Kadhi akamgeukia Feruzi. "Wewe ndiye bawabu. Huyu mwanamke aliondoka au aliondolewa?"

Feruzi alimtazama bwana wake, akatazama miguu yake iliyojaa matope. Sijapata kuona mtu akiogopa kwa namna ile na bado akafungua kinywa.

"Kadhi, amekuja kazini siku tatu. Jumanne, jana, na leo kwenye mvua. Ana shazia mkononi. Mimi ndiye niliyemfungia mlango, kwa amri."

Karani akachovya kalamu, akaandika.

Kadhi akasema na Bwana Seif bila kupandisha sauti. "Aliyejileta kazini hajaacha kazi. Ameaga kwa mwezi, kama mlivyoandikiana, na mwezi huo ni wake. Unataka kazi yake, mfungulie. Huitaki, hiyo ni hiari yako, lakini ujira na posho ya mwezi mzima utatoa kana kwamba ameshona kila siku. Kumkataa wewe hakumwondolei haki yake yeye."

"Simtaki ndani ya nyumba yangu," Bwana Seif akasema.

"Basi utalipa akiwa nje. Ama hati, hiyo haikuwa mali yako hata siku moja. Kama mchwa wameila, nitaandika nyingine sasa hivi, maana kuachwa huru kwake kumo katika daftari hili. Na nitaandika chini yake kwamba ya kwanza ilipotelea mikononi mwako."

Bwana Seif akamtuma mtumishi nyumbani.

Hati imerudi haina hata tundu moja.

Nimeisoma mara tatu pale pale, nimesimama, maji yakinitiririka. Jina langu limo. Jina la Bibi Aziza limo. Nikaikunja, nikaifunga katika pindo la kaniki, nikamshika kadhi mkono. Ningetaka kuandika kwamba nilifurahi. Kweli yenyewe ni kwamba nilitazama nyuma njia yote hadi kwa Bi Mgeni, na yule mwenye kanzu safi sikumwona, na kutomwona kukanitisha zaidi.

Niliazimia kuondoka kesho kwenda Kaole na wauza chumvi, wanaotembea wengi pamoja. Bi Mgeni amenitwangia mtama wa kumpelekea Mwanahawa.

Lakini baada ya alasiri mtu akabisha hodi. Mzee Feruzi. Kwapani ana mkeke wake umekunjwa, na sufuria ndogo, na bakora.

Hatukuhitaji kumuuliza. Bi Mgeni akampisha kwenye kigoda.

"Leo hii hii," akasema. "Miaka kumi na mitatu mlangoni pake. Ameniambia niende nikaone mbele."

Nikamuuliza kama waliandikiana chochote, ule mwezi mmoja, au hata neno mbele ya shahidi. Akatikisa kichwa. "Mimi alinipa ufunguo tu, mwanangu. Na leo ameuchukua."

Akacheka kidogo, akaacha. Kisha akasema jambo ambalo bado linanizunguka kichwani: kwamba jana na juzi, kila aliponiambia ameniona, alikuwa akijua siku ya kuulizwa itafika, na akilala akiomba isifike.

Sasa amelala kibarazani, na mimi nimekaa na kalamu. Mwanahawa ana homa. Pacha wana njaa. Hati yangu iko kwenye pindo, na wauza chumvi wanaondoka baada ya alfajiri. Nikienda nao, nani atasema kwa kadhi kwamba mzee huyu alifukuzwa kwa sababu ya kusema kweli? Bi Mgeni bado anashona pale, akifungua mdomo naye atatoka. Hana maandikiano; shahidi wake ni mimi, niliyemwona akilinda mlango ule miaka sita.

Nikibaki, nitapita tena soko la samaki. Nitasimama tena mbele ya Bwana Seif, na safari hii atakuwa amejiandaa. Na wauza chumvi hawatarudi mpaka Jumanne.

Nimemwomba Bi Mgeni awape wale watu mtama wangu wamfikishie Mwanahawa, na salamu kwamba mama yake amechelewa siku nne, yuko hai, anakuja.

Kesho Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitamshika Mzee Feruzi mkono twende kwa kadhi. Naogopa mpaka meno yanagongana, na joto lote hili.

Nitakwenda hivyo hivyo, yakigongana.