Matembezi ya Bustanini na Kimya Changu

Jomvu Kuu, Jumapili, 1963. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiondoki. Nami ni hivyo hivyo, sikai, sisimami.

Leo shangazi Mwanaisha alinipeleka mjini kutembea katika ile bustani kongwe. Langoni tukamkuta Salim, karani wa bandarini aliyeleta posa juzi. "Ala! Kumbe nawe uko huku?" shangazi akajifanya kushangaa. Wallahi, hata kuigiza hajui.

Salim akageuka kiongozi wa watalii. Akatuonyesha mizinga ya kale na jinsi ilivyokuwa ikipigwa, bum, mikono hewani. Akatuonyesha kibanda cha bendi, ambapo baba yake alikuwa akifukuzwa Wazungu wakisikiliza muziki. Mbele ya sanamu ya bwana mmoja wa masharubu akanong'ona, "Uhuru ukija, huyu atatafuta pa kulala." Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kumwuliza: mkeo utamwacha asomee unesi? Nafasi nimeshapata, mafunzo ya bweni yanaanza mwezi ujao, na baba hajasema ndiyo wala la.

Nikafungua mdomo. Shangazi akanifinya ubavuni.

"Nyamaa! Mwari hasemi mbele ya mchumba."

Basi nikanyamaza. Kwenye chemchemi nikanyamaza, chini ya mnara wa saa nikanyamaza. Miguu iliniwasha, nikatamani kukimbia mpaka Makupa. Na la kuudhi zaidi, Salim ananipendeza. Nalisema hapa daftarini kwa kuwa hapa hapana wa kunifinya.

Tulirudi alasiri. Nikiwa jikoni nikamsikia shangazi akimwambia baba barazani, "Tumeizunguka bustani nzima, hakutia neno. Kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake." Baba akasema alhamdulillahi, kesho atapeleka jibu.

Yaani nimeozwa kwa kufinywa!

Shangazi amesahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilitoka na mwiko mkononi.

"Baba, niwie radhi. Mimi sijajibu."

Baba akanigeukia. "Haya, mwanangu. Jibu."

Hapo maneno yote niliyoyatafuna bustanini yakanitoroka, na nilijua nikizidi kusimama vile, nimeolewa.

"Nataka kusomea unesi kwanza. Salim akikubali kungoja, namtaka. Asipokubali, Mungu ampe mwingine."

"Yarabi! Mwana huyu ana macho makavu!" Shangazi akajishika kichwa. Baba akavaa kofia, akatia makubadhi miguuni, akaenda zake msikitini.

Amerudi, amekula, hajatamka lolote. Nimepita mbele yake mara kadhaa kwa makusudi, ananitazama tu.

Basi kwa sheria ya nyumba hii, baba ameridhia. Kesho nafunga sanduku.