Taa Niliyomwekea Mume Wangu Imeharibu Tangi Lake la Samaki

Shangazi Kiende,

Pokea salamu kutoka Runyenjes. Nimesoma ukurasa wako miaka mingi nikiwaonea wengine huruma, sikujua siku moja nitakaa mezani na kalamu nikitafuta pa kuanzia, basi nisamehe nikizunguka, naomba tu unisaidie kwa sababu nyumbani kwangu kumeingia kimya na ni mimi niliyekileta.

Mume wangu anaitwa Gichovi. Alifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya chai miaka ishirini na sita akastaafu akiwa msimamizi, na mwaka juzi kiharusi kikampiga akiwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu, kikachukua upande wote wa kulia, kikachukua na maneno, likabaki neno moja tu, "sawa". Akitaka chai anasema sawa, asipotaka chai anasema sawa, akiumwa na mgongo ni sawa. Daktari alituambia akili yake iko, ni njia ya kutokea ndiyo imeziba, lakini Shangazi, ukiishi na mtu wa neno moja unazoea kumjibia, mgeni akimjulia hali mimi ndiye nasema anaendelea vizuri, akiulizwa atakula nini mimi ndiye najua.

Januari binti yetu Mwendwa, anayefanya kazi Meru mjini, alimletea tangi la samaki la lita tisini, la kioo, lenye changarawe chini, pampu ndogo ya hewa, mimea hai ya majini na samaki tisa wadogo wenye mikia ya rangi. Mimi niliona ni mzigo, nikasema nani ataosha hicho kitu, lakini tukaliweka sebuleni karibu na dirisha, na siku ya tatu nikamkuta mzee ameingiza mkono wa kushoto majini hadi kwenye kiwiko, anang'oa mmea mmoja na kuuhamisha nyuma ya mwingine, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Tangu alipougua sikuwa nimemwona akianza jambo mwenyewe. Ikawa kila asubuhi anasukuma kiti chake cha magurudumu hadi pale, anakata majani yaliyooza, anapanda, anafukia mizizi, hata mkono wa kulia akiujaribu, na yule dada wa mazoezi hospitalini akaniuliza, "Mama, mnamfanyia nini nyumbani? Vidole vimelegea vizuri."

Sasa taa. Tangi lilikuja na taa yake nyembamba kwenye kifuniko cha kioo, na mwezi wa tano stima ilipotea ikarudi kwa nguvu ikaiunguza. Nikatoa kile kifuniko, nikaweka balbu ya kawaida ya manjano kutoka jikoni, mimea ikaanza kurefuka ikiwa miembamba, majani ya chini yakawa yanadondoka, mzee akawa anaokota yale majani na kuyapanga kwenye mkono wa kiti chake moja moja, nami roho ikaniuma. Nikaenda Embu mjini kwenye duka la vifaa vya stima, nikamweleza muuzaji, akacheka akasema, "Mama, mwanga ndio chakula cha mmea. Mpe ashibe." Akanitolea taa ya sekuriti, zile za kumulika uwanja, wati hamsini. Nikamwuliza mzee, "Baba Mwendwa, niweke hii?" Akasema sawa. Nikaifunga kwa waya juu ya tangi, nikawa naiwasha nikiamka na kuizima nikienda kulala, kwa sababu niliona mwanga ukiwa mzuri basi ukiwa mwingi ni mzuri zaidi.

Wiki ya pili maji yakawa kijani kama mboga ya mchicha iliyosagwa. Majani yakashikwa na utando wa kuteleza, na asubuhi nilikuwa nikikuta samaki wote wako juu kabisa wanapanua midomo. Mzee akaanza kuvuta leso yangu begani na kuifunika juu ya tangi. Naitoa, anavuta tena. Nikamwambia, "Baba Mwendwa, umechoka kuwaona?" Akasema sawa, sawa, sawa, kwa sauti ya juu, nikajua amewachukia, nikakunja leso nikaiweka kabatini.

Kisha samaki wawili wakafa, mmoja mwenye mkia wa rangi ya machungwa na mmoja mweusi. Niliwakuta asubuhi kabla hajaamka, nikawatoa, na siku hiyo hiyo nikapanda gari hadi Embu nikatafuta wawili wanaofanana nao, nikawatia humo nisiseme kitu. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, Mungu anajua. Alipokuja kwenye tangi aliangalia kitambo kirefu, akaweka kidole kwenye kioo akimfuata yule mpya mweusi anakokwenda, halafu akanigeukia akanitazama. Nikasema, "Leo wamechangamka, eh?" Hakusema hata sawa. Aligeuza kiti akatazama ukuta.

Leo ni siku ya tisa. Haendi kwenye tangi, chakula anakula akilishwa na dada yake Wawira akija, nikimlisha mimi anafunga mdomo. Wawira ameniambia, "Mama Mwendwa, peana hicho kitu shuleni, mtu mgonjwa anataka maombi, hataki samaki." Jirani yetu Mutembei, mwenye kitalu cha nyanya, anasema taa ya wati hamsini si mbaya ila rangi yake ndiyo mbaya, anataka kuniazima taa yake ya zambarau ya kukuzia miche. Mimi nimechanganyikiwa. Niweke taa gani? Au nilitoe tu tangi lenyewe? Na hao samaki, nimwambie, au niache jambo lipite kwa sababu hata nikimwambia hawezi kunijibu?

Ni mimi Makandi, Mama Mwendwa, Runyenjes.


Shangazi Kiende anajibu:

Mama Mwendwa, kabla hujasoma mstari wa pili, ikiwa bado hujaichomoa hiyo taa ukutani kama nilivyokwambia kwa simu, nenda sasa. Taa ya uwanjani iliyofungwa kwa waya juu ya maji, na mume wako anaingiza mkono humo! Ikianguka hutakuwa ukiniandikia kuhusu samaki. Ukishachomoa, rudi ukae.

Nakupa pole. Kumwuguza mtu miaka miwili si mchezo, na barua yako haina hata sentensi moja ya kujihurumia. Lakini kuna mahali nitakugombeza, na kwa vile sikutaka kukugombeza bila kuwa na hakika, ndiyo maana nilikupigia simu Alhamisi. Wasomaji wajue tulichosema, kwa sababu umenipa ruhusa.

Nilikuuliza, "Hiyo leso, aliirusha juu ya tangi?"

Ukasema, "Hapana, aliitandaza. Alikuwa anavuta pembe moja moja mpaka inyooke."

"Kwenye kitalu cha chai, miche michanga hufunikwa na nini?"

"Wavu mweusi. Zamani walitumia matawi."

"Na nani alikuwa anaamua mche upate jua kiasi gani, na wavu utolewe lini?"

Halafu ukasema polepole, "Ni yeye."

Ndiyo, Makandi. Una nyumbani mtu aliyeshughulika na jua na kivuli miaka ishirini na sita, nawe ukaenda kumwuliza muuza nyaya. Mzee aliona mwanga umezidi akatafuta wavu. Hakuwa na wavu, akachukua leso yako. Alikwambia kwa mkono, kila siku, nawe ukasikiliza lile neno moja ambalo wewe mwenyewe umesema halina maana. Halafu ukafungia leso kabatini.

Mimi si mtu wa samaki. Nilimwendea Isaack, fundi anayetengeneza matangi Meru mjini, nikamsomea barua yako bila kutaja jina. Nilipofika pale pa leso alinikatiza: "Huyo mzee yuko sahihi. Maji yakigeuka kijani hivyo, dawa ya kwanza ni giza." Ule ukijani unaitwa mwani, na mwani hula mwanga haraka kuliko mmea. Ukimulika saa kumi na tano, mmea unashiba saa za mwanzo, zinazobaki zote unalisha mwani. Usiku mwani unavuta hewa ile ile ya samaki, ndiyo maana asubuhi wanapanua midomo juu. Hakuna mtu aliyekuloga, wala samaki hawakuwa wabovu.

Basi fanya hivi. Badilisha theluthi moja ya maji, kwa maji yaliyokaa kwenye ndoo tangu jana yake. Funika tangi lote siku tatu, pande zote, na ile pampu ya hewa isizimwe hata dakika moja, kwa sababu mwani ukifa nao unavuta hewa. Usiwape chakula siku hizo, samaki hawafi njaa kwa siku tatu. Ukifunua, badilisha tena theluthi, na uanze kuwalisha kidogo, kile wanachomaliza kabla hujamaliza kusema Baba Yetu.

Kuhusu taa, ya Mutembei ikatae, umpe na shukrani zake. Taa ya zambarau inakuza miche, hilo ni kweli, lakini imetengenezwa kwa ajili ya kitalu, haikutengenezwa kukaa juu ya maji, tena itageuza samaki wa mzee wawe rangi ya bilinganya. Yeye hakai pale apate mavuno, anakaa apate kuona. Tafuta taa ya LED ya matangi, iliyozibwa isiingie unyevu, ndefu karibu sawa na tangi ili mwanga usirundikane mahali pamoja. Usihesabu wati, wati ni stima inayoliwa. Kwenye boksi tafuta lumeni, kipimo cha mwanga unaotoka, na kwa lita zako tisini na mimea ya kawaida elfu moja na mia tano hadi elfu mbili zinatosha kabisa. Tafuta pia namba ya rangi, elfu sita na mia tano au karibu na hapo. Huo ni mweupe wa mchana wenye mawingu, kama ule wa Runyenjes mwezi wa saba. Balbu yako ya jikoni haikukosa kwa umanjano wake tu. Ilikuwa hafifu na iko upande mmoja, ndiyo maana mimea ilirefuka ikiutafuta mwanga.

Washa saa sita kwa siku, wiki tatu za kwanza. Mwani usiporudi, ongeza nusu saa, kisha nyingine, usipite saa nane. Nunua taima ya kuchomeka ukutani ifanye kazi hiyo, maana wewe una mkono mwepesi wa huruma, utamwongezea. Rudisha kifuniko cha kioo. Na lile dirisha, weka pazia, jua la asubuhi nalo ni taa usiyoweza kuizima.

Hayo ni ya Isaack. Haya ni yangu.

Usilipeleke tangi popote. Wawira ana nia njema, mwache aombe, lakini maombi na mimea havigombani. Dada wa mazoezi amekwambia vidole vinalegea, unataka ushahidi gani tena? Ila kuanzia leo tangi ni la Gichovi. Wewe ni wa kubeba ndoo. Taa ikifika, usimwulize "niweke hii?" kwa sababu unajua utajibiwa nini. Ishike juu ya maji, ipandishe, ishushe, uangalie mkono wake na uso wake. Mkono ukisukuma, pandisha. Ukitulia, acha hapo.

Jumamosi, baada ya simu yetu, ulinitumia ujumbe kwamba umetoa leso kabatini ukafunika tangi mbele yake bila kusema lolote, na kwamba alikaa akitazama ukuta kama saa nzima, halafu akasukuma kiti hadi pale, akanyoosha pembe uliyoiacha imekunjamana. Jioni alipokea vijiko vinne vya uji kutoka kwako. Nimefurahi. Lakini ujumbe wako uliishia kwa kusema, "Nafikiri amenisamehe, basi ya samaki tuyaache."

Hapana, mama. Hapo ndipo nakukatalia.

Mtu anayetambua kila jani alilopanda atakosa kumtambua samaki mgeni? Alijua. Alikugeukia akupe nafasi ya kusema, nawe ukamwambia wamechangamka. Hakukasirishwa na kifo cha samaki. Ameshazika miche mingi maishani mwake, anajua vitu hufa. Kilichomwumiza ni kuona kwamba kwa mke wake sasa yeye ni mtu wa kudanganywa kwa upole, kama mtoto anayefichiwa sindano. Kiharusi kimemtoa maneno. Usimtoe na utu.

Siku ya kufunua tangi, funga duka ikiwa una duka, mwombe Wawira asije. Keti chini, macho yenu yawe sawa. Mwambie samaki wawili walikufa kwa sababu ya taa yako, ukaogopa, ukaleta wengine, ukanyamaza. Mwambie ulikosea kumjibia mbele za watu miaka hii miwili. Usilie kwa namna ya kumlazimisha akubembeleze. Kisha mwombe akuonyeshe wale wapya wakae au waondoke, na ungoje.

Atachelewa. Itakuwa dakika moja, pengine tano, pengine mkono utaanza na kushuka. Utatamani sana kumsaidia kumalizia. Funga mdomo, Makandi. Usimjibie.