Kitufe cha Joto

Dolgellau, 6 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Na ile nyonga uliyoangukia? Sisi wazima, ila mimi nina wazimu wa furaha. Sakafu ya chumba chako imemwagwa leo! Chini kokoto, kisha nailoni nzito, kisha zege, kisha mbao za povu za kuzuia baridi, nene kuliko Biblia ya kanisani. Juu yake mabomba ya maji ya moto, yamezungushwa chumba kizima. Nimeyapiga picha kabla hayajafunikwa, Emyr asije akapigilia msumari. Mwisho saruji ya juu, milimita sitini na tano. Utatembea peku Januari, Mama! Emyr anasema wiki ijayo atawasha joto ikauke upesi. Sema utahamia.

Mwanao, Nerys

Shambani, 9 Oktoba

Nerys mwanangu,

Marahaba. Sijambo, nyonga inalalamika mvua ikija, na huku mvua haiondoki.

Mwambie mumeo haraka haraka haina baraka! Marehemu baba yako, fundi mzima, alisema saruji hungojewa siku moja kwa kila milimita. Alikiuka mara moja tu, kwenye ukumbi wa kanisa. Aliwasha jiko siku ya kumi kwa sababu kwaya ya mji wa Bala ilikuwa inakuja kunywa chai. Ufa ule tuliukanyaga miaka thelathini, na kwaya yenyewe haikuja.

Namjua Emyr, hata chai haingoji iive. Ng'oa kile kitufe kinachozungushwa kuwasha joto, unitumie nikutunzie. Na habari ya kuhama usinisumbue. Sakafu yangu ya mawe ni baridi, lakini ni yangu.

Mama yako

Dolgellau, 14 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Kitufe hicho nakutumia, nimekifunga ndani ya soksi. Emyr amenuna: "Nyumba yangu, joto langu, kitufe kwa mama mkwe!"

Lakini naogopa, Mama. Mwaka jana ulianguka ukalala juu ya mawe yale kwa muda wa saa mbili kabla mleta barua hajakuona. Sitaki sakafu nzuri ya mtu asiyekuja.

Nerys wako

Dolgellau, 11 Desemba

Mama,

Shikamoo. U mzima? Mbona kimya miezi miwili? Jana ilikuwa siku ya sitini na tano. Emyr ametambaa na tochi chumba kizima, hakuna ufa hata mmoja! Basi turudishie kitufe.

Nerys

Shambani, 13 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nilikuwa naagana na nyumba, na hilo nalo lina siku zake.

Kitufe sikitii posta, kitapotea. Emyr aje Jumamosi na gari la kondoo, alioshe kwanza. Nakileta mwenyewe, pamoja na kitanda. Mtu asiguse kitu. Nitawasha mimi, nikiwa peku. Tutaongeza joto kidogo kidogo kila siku, kama alivyotaka baba yako. Sina haraka, maana sirudi.

Mama yako